Jabali la Sebuleni

Nyumba yetu ya Pasiansi, mtaa wa Mwanza, ilikuwa na jabali sebuleni. Nusu lilikuwa limemezwa na ukuta, nusu limekaa ndani pamoja na viti, refu kuliko mimi. Wageni waliodhani hatuna akili timamu hawakukosea sana.

Aliyeijenga alikuwa tajiri wa pamba, zamani za mkoloni, na alitaka kasri hasa: baraza pande zote, nguzo nene, milango ya mvule, paa la vigae. Mafundi walikusudia kulipasua jabali kwa njia yetu ya Mwanza, moto juu yake halafu maji ya baridi. Lakini mvua ziliwahi, tajiri akawahimiza waezeke kwanza. Nyumba ikishaezekwa, nani atakoka moto sebuleni? Haraka haraka haina baraka. Babu alipoinunua, akainunua na jabali lake.

Nililipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Jua likiwa kali tulililalia mashavu, maana halikupata joto kamwe. Macho ya mama yalipofifia, likawa ndilo linalomwongoza: mkono kwenye jabali, kulia jikoni, kushoto chumbani. Hakumsumbua mtu.

Mwaka jana kaka yangu aliamua kuivunja nyumba. Alisema paa linavuja na kuta zimepasuka, na hakusema uongo.

"Mwanangu," mama alimwambia, "humo ndani mimi naona."

Kaka akamhamishia kwake, kwenye sakafu ya marumaru inayong'aa. Huko mama alishinda kwenye kiti kimoja, akisubiri kushikwa mkono hata kwenda chooni. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Kuta zilianguka upesi, vifusi vikasombwa, ikabaki sakafu tupu. Jabali likaishinda mashine, kaka akaagiza mtu wa baruti. Siku aliyotarajiwa, nilimchukua mama nikampeleka Pasiansi. Kaka alikuwepo, simu mkononi.

Mama alipapasa hewani mpaka akaligusa jabali. Akalifuata kwa kiganja, akaniachia mkono, akageuka kulia. Alitembea peke yake juu ya ile sakafu yetu ya saruji nyekundu, akasimama pale jiko lilipokuwa.

"Mbona mmesimama nje?" alituuliza. "Ingieni."

Kaka akampigia mtu wa baruti asije. Kisha akavua viatu, akaingia.