Ruzuku ya Kutembea

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, na ualimu ukiisha mdomo hauishi. Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa ofisi ya kata, kwamba kuna shirika linatoa ruzuku kwa vikundi vitakavyowatoa watu ndani wakatembee, wakacheze, wafurahie mazingira yao, wengine walisoma, wakacheka, wakapita. Mimi nikasimama. "Pesa za kutembea?" mwenzangu mmoja akaniuliza. "Hawa wamekosa pa kuzitupa." Nikamwambia nyamaza, nasoma.

Nilikuwa namfikiria mdogo wangu. Binti yake wa pekee alifariki kwenye uzazi, yeye na kichanga chake, na tangu tulipoanua matanga mdogo wangu alikuwa hatoki. Si kwamba aliumwa. Alikuwa anaamka, anaswali, anakaa kwenye mkeka chumbani mpaka magharibi inaingia. Maji aliletewa na jirani, chakula nilipika mimi. Alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, sasa gauni ndilo lililomvaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini mimi nilikuwa namwona anakwenda hivi hivi na sina la kufanya. Nasema wazi, niliogopa kumzika.

Basi nikaliandika lile andiko. Niliandika wanawake thelathini wa Mtunda, kichwani nilikuwa na mmoja. Kila Jumamosi asubuhi tutembee kutoka kijijini mpaka bondeni na kurudi. Mara moja kwa mwezi tukodi gari mpaka Nyamisati, tupande boti tuzunguke kwenye mikoko. Hapo kwenye mikoko kikundi kilivunjika mbavu. "Mume wangu kakata boriti humo mpaka mgongo umepinda," alisema bibi mmoja, mkubwa wetu kwa umri na kwa ulimi. "Leo nilipiwe nauli nikaiangalie?" Lakini dole gumba aliweka.

Ruzuku ikaja. Zikaja raba, zikaja fulana na chupa za maji. Yakaja na masharti: shughuli iwe ya burudani, isiwe kazi wala biashara. Nikayasoma, nikasema hilo dogo.

Lo! Jumamosi ya kwanza wanawake wamekusanyika, raba nyeupe miguuni, na kila mmoja ana kitu. Huyu panga, huyu kapu, huyu jembe begani, yule bibi kamba ya kuni kiunoni. Nikasema, jamani, hatuendi shamba. Wakanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Kwetu ukikutana na mtu njiani, salamu ikiisha anakuuliza: wapi? Ukiwa na jembe hana haja ya kuuliza. Ukiwa mikono mitupu, mwanamke mzima, asubuhi, unaelekea upande wa porini, hapo utaulizwa, na jibu lako litafika nyumbani kabla yako. "Niseme naenda kupunga upepo?" bibi akasema. "Mume wangu ataniuliza upepo huo jina lake nani." Tukacheka mpaka basi, nikawaacha na vyombo vyao.

Na vyombo hivyo ndivyo vikaniokoa. Maana mdogo wangu nilipomfuata alikataa. "Dada, watu watanionaje? Mwanangu yuko chini ya udongo, mimi natembea na raba? Watasema nimeshasahau." Nikaingia jikoni kwake, nikachukua ndoo tupu, nikamwekea mbele. "Unakwenda kuchota maji bondeni," nikamwambia. "Maji nayo watakunyima?" Akajitanda khanga yake, akaitwaa ndoo, akatoka.

Wiki ya kwanza hakusema neno. Ya tatu alibishana na bibi, mlenda upi mtamu na upi wa kuwaachia mbuzi. Ya tano alirudi na maji na mlenda, akapika mwenyewe, akaniletea bakuli. Chumvi ilikuwa imezidi. Nikala wote, na nikalia.

Kisha akaja afisa wa shirika kutukagua. Binti mpole kutoka Dar, shikamoo mbele, hana baya. Alitukuta njiani tunarudi: bibi na mzigo wa kuni, wengine na mboga, mdogo wangu na ndoo kichwani. Akafunga daftari lake taratibu, akanivuta pembeni.

"Mwalimu, hii ni kazi," akaniambia. "Mimi naelewa, lakini wakubwa wakiziona picha hizi, awamu ya pili hampati. Nitarudi Jumamosi ijayo. Naomba niwakute mnatembea tu."

Nikaitisha kikao. Wenzangu wakakubali, siku moja tu, tutajikaza. Mdogo wangu akasema mbele ya wote, kwa sauti ndogo, "Mimi bila ndoo siwezi." Nikamwambia ni Jumamosi moja. Akarudia kwamba hawezi. Hapo hasira zikanipanda, zile hasira zangu za darasani, nikamwambia: "Basi siku hiyo baki nyumbani. Usituponze."

Akasema, "Sawa, dada." Bibi aliinama akafunga kamba ya raba iliyokuwa imeshafungwa.

Ukaguzi ulikwenda vizuri mno. Wanawake wazima mikono mitupu, hawajui pa kuiweka; mmoja kaifunga nyuma kama mgambo, mwingine anajipepea na ncha ya khanga wakati hata jua halijawaka. Njiani tukaulizwa, wapi wote hao? Bibi akajibu kwa sauti, "Serikalini!" na muulizaji akafyata ulimi. Afisa alipiga picha zake, akafurahi, akatukumbatia. Awamu ya pili tukapata.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwa mdogo wangu mapema, nikapiga hodi. Alikuwa kwenye mkeka. "Mgeni wenu aliridhika?" akauliza. Nikamwambia aliridhika. "Alhamdulillahi," akasema, akageukia ukuta. Hakutoka siku ile, wala iliyofuata, wala mwezi ule. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamletea bibi aje na maneno yake. Wapi! Alikuwa ameshaona kwamba hata dada yake anamwonea aibu. Na kweli nilimwonea. Andiko zima nililiandika kwa ajili yake, na pesa zilipokuja nikamficha yeye ili zisikatike. Hilo sina wa kumsingizia.

Nikawaachia wenzangu Jumamosi zao. Wanaendelea na wanafurahi, siwanyimi haki yao. Kuna waliokuwa wakilalamikia magoti, leo wananipita. Mimi nikaanza kwenda kwake kila jioni. Siku za mwanzo nilikaa naye tu mkekani, sina la kusema, na mimi kukosa la kusema ni habari ya kutangazwa msikitini. Siku moja nikamwomba radhi. Nikamwambia, mdogo wangu, nilikukosea mbele za watu, nisamehe. Nikamshika mkono, akaniachia mkono wake, tukatoka kwa mlango wa nyuma.

Kwake ana ua wa makuti, mrefu, jicho la mtu haliingii. Tukauzunguka: jiko, choo, banda la kuku, mpapai, jiko tena. Mara mbili, akachoka. Kesho yake mara tatu. Fomu za shirika zina nafasi ya kila kitu, lakini ya mizunguko hiyo sijaiona, na ikija sitaijaza. Tunazunguka, mkono wake mwepesi kwenye wangu. Kuku wametuzoea, hawakimbii tena.

Juzi nilishikwa na kikao cha kikundi, mambo ya boti ya Nyamisati, maneno yakawa mengi. Nikafika magharibi inakaribia. Niliingia chumbani nikakuta mkeka mtupu. Roho iliniruka! Nikamwita, kimya. Nikatoka mbio uani, khanga inaniponyoka, najuta kila neno nililowahi kumwambia.

Alikuwa amesimama kando ya jiko, kajifunga kibwebwe, kanuna.

"Umechelewa," akaniambia. "Nimekusubiri tangu alasiri."