Ukoo wa Gitaa

Mwaka wa 1968, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa na ndugu zake wakagawana shamba kama vile mimi na mama hatupo. Shida yangu ilianza hapo. Darasa la tatu nililiacha katikati, nikaenda Molo kubeba magunia ya viazi, mgongo ukakomaa kabla ya ndevu. Nasema haya mapema ili mtu asifikiri nilizaliwa na lori. Kila kitu nilicho nacho nimekitoa mgongoni, na kwa sababu hiyo nimekuwa na mdomo mkali maisha yangu yote. Mdomo huo umeniaibisha nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya watu, na mpaka leo sijapona.

Kitinda mimba wangu ni muuguzi mjini Nakuru. Mwaka juzi alikuja nyumbani akaniambia amepata mtu.

"Anafanya nini?"

"Anapiga gitaa."

"Hiyo ni ya Jumapili. Jumatatu anafanya nini?"

"Anapiga gitaa, baba."

Mimi sinunui viazi bila kufungua gunia, kwa hivyo nikaenda kuisikia hiyo bendi. Walikuwa wamekodi ukumbi nyuma ya soko, Jumamosi mchana, madirisha wameyaziba na mablanketi ili kuwe na giza. Ukutani taa zilimwaga rangi zinazotambaa, kama dizeli juu ya dimbwi. Gitaa lililia, halafu likajijibu lenyewe, mara liko mbali kama mbwa wa jirani, mara liko ndani ya kichwa changu. Wimbo mmoja ulikuwa mrefu kiasi kwamba nilitoka, nikanywa chai, nikarudi na kuukuta bado unatafuta mlango wa kutokea. Kijana mmoja akaniambia huo muziki ni roki ya kuota macho wazi. Yeye mwenyewe alikuwa ameyafumba. Wote walikuwa wameyafumba, wanayumba kama mahindi. Nikavuta hewa kutafuta harufu ya bangi. Nikapata jasho na sambusa.

Kilichonishangaza ni mwisho wake. Muziki ulipoisha hakuna aliyeondoka. Mashabiki wote wakaanza kukunja nyaya, kubeba spika, kupanga viti. Hao watu huifuata bendi kila inakokwenda, Naivasha, Gilgil, Eldoret, wanachangiana nauli na kulala sakafuni. Msichana mmoja mwenye pete puani akaniwekea ufagio mkononi.

"Mzee, kona ile ni yako."

Nikafagia! Mimi, mzee wa kanisa. Nyumbani sikumwambia mama watoto.

Sasa, huyo kijana wa gitaa alilelewa katika nyumba ya watoto yatima. Hana baba, hana mjomba, hana hata jirani wa zamani. Na kwetu mtu haji peke yake kuomba msichana. Huja na wazee wa ukoo wake, mmoja wao anasema, mwenye kuoa anakaa kimya kama mzigo. Nilijua hana watu. Nilimwambia msichana wangu waje hivyo hivyo, na moyoni nikangoja kuona atamleta nani.

Alileta mashabiki.

Walifika asubuhi, baridi ya Molo imewakausha midomo, mashati yao yametiwa rangi za duara kama macho ya kinyonga. Wanawake wa kwetu wakawazuia langoni kama ilivyo desturi, mpaka waimbe. Hawakujua nyimbo za lango hata moja. Wakanong'onezana, kisha wakaanza kuvumisha ule wimbo wao mrefu kwa midomo, bila gitaa. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa kwenye nyasi. Halafu, sijui ilikuwaje, wakaanza kuitikia, na lango likafunguliwa. Mimi niliona majirani wanacheka tu. Damu ikanipanda.

Tukakaa hemani, wazee wangu upande huu, wao upande ule. Upande wangu alikuwapo rafiki yangu wa zamani, tuliyebeba naye magunia tukiwa vijana. Msemaji wao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa miaka thelathini na kitu, nywele zimefika mgongoni.

"Wazee," akaanza, "tumekuja kwa heshima. Sisi ni watu wake."

"Watu wake kwa nani? Kwa baba ama kwa mama?"

"Kwa bendi, mzee."

Hema likacheka. Kicheko kikaninogea.

"Basi huo ni ukoo wa spika! Stima ikipotea, ukoo umekwisha!"

Wakacheka tena. Yule msichana wa pete puani hakucheka. "Mzee, alipolazwa na homa ya matumbo tulilala hospitalini kwa zamu. Muulize binti yako, wodi ilikuwa yake. Kuna mtu mwingine alikuja?"

Pale ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nikasimama.

"Sijauliza habari za wodi. Mtoto aliyelelewa kwa michango atanitunzia msichana vipi? Mtu asiye na watu haoi kwangu. Mnywe chai mwende."

Kijana alitazama viganja vyake. Desturi ilimfunga mdomo, nami nilijua imemfunga.

Rafiki yangu akainuka. Akachukua kiti chake cha plastiki, akakivusha hadi upande wa pili, akakaa katikati ya mashati ya rangi.

"Unaenda wapi wewe?" nikamuuliza.

"Kazini. Hawa hawana mzee, na hii kazi mimi naijua. Ama umesahau, taniboi?"

Hakuna mtu ameniita taniboi, yaani utingo, tangu niliposhuka nyuma ya lori la mtu mwingine na kununua langu.

"Nyamaza," nikamwambia polepole.

"Siku ile Kabazi nilikuwa nani yako?"

Kabazi ndiko nilikooa. Watoto wangu wote wamekua wakijua kwamba nilipelekwa huko na baba mdogo na wajomba wawili. Ni mimi niliyewaambia.

"Nilikuwa baba yake mdogo," rafiki yangu akawaambia mashabiki, kama anayewapa wageni habari za njia. "Na wapakiaji wawili walikuwa wajomba. Vumbi la viazi bado liko masikioni. Mzee wa Kabazi akatushika mikono, mmoja mmoja, akasema, 'Karibuni, ukoo wenu una mabega mazuri.' Hakuuliza zaidi."

Mama watoto alikuwa anamimina chai. Hakuinua kichwa. "Baba yangu alijua tangu langoni," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nilivua kofia, nikaivaa. Chai yangu ilishika utando nikiitazama. Msichana wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, na hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa aliyesema amemeza dawa, kumbe amezificha chini ya godoro.

"Haya," rafiki yangu akasema, "sisi upande wa bwana tuna maneno."

Akanibana kwa mahari kama tulivyokuwa tunawabana madalali. Nilikubali kila kitu. Wazee wangu walinong'ona kwamba nimejitupa, na ilikuwa kweli.

Harusi ilifanyika. Mashabiki walisimamisha hema wenyewe na kulibomoa wenyewe, mimi wakanikalisha mbele. Nilimwomba rafiki yangu aniombee msamaha kwa kijana. Akaniambia, "Uliotukana ni mdomo wako. Wangu umechoka na Kabazi."

Basi nikaenda Nakuru, kwenye nyumba yao, na gunia la viazi begani, umri huu. Kijana alilipokea. "Asante, mzee." Hakuniita baba; 'mzee' hata mwuza mafuta wa Salgaa huniita. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha. Nikasema, "Msiviweke juani, vitageuka kijani." Nikarudi Molo.

Leo nina malori mawili, moja halitembei. Nina shamba la ekari sita Molo, la viazi na njegere. Vyumba vya kupangisha Salgaa, vya mabati. Ng'ombe wanne wa maziwa. Nyumba ya mawe. Mke mmoja, yule yule wa Kabazi. Simu, ambayo msichana wangu hunipigia kila Jumapili, tunaongea habari za mvua tu.