Hodi Iliyomwaga Shira

Bisi za sukari sizili mpaka leo. Wanangu wananicheka, eti mama ana vituko. Wacheke tu, hawakuwepo.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akiziuza Mbale, nje ya lango la shule, kabla sukari haijaadimika. Ulipokuja utawala wa wanajeshi sisi tulikuwa tunakaa Nalufenya, Jinja, na sukari ikawa inapatikana kwa magendo tu. Ukikutwa nayo unatakiwa utoe maelezo, na wapo waliokwenda kutoa maelezo hatukuwaona tena. Ndipo Bibi akaugua huko Mbale. Akiletewa uji, anageuza uso. Akasema anachotamani ni bisi zenye shira, hata kiganja kimoja. Mama akahangaika mpaka akapata sukari kwa dereva wa lori aliyetoka upande wa Kenya, akaificha ndani ya foronya.

Alipika alasiri, madirisha yamefungwa. Mimi nilitikisa sufuria ya mahindi, yeye akasimamia shira, akaikamulia ndimu kama Bibi alivyomfundisha, isije ikaganda chenga chenga. Ilishaanza kuwa nyekundu. Harufu yake, jamani! Mate yalinijaa mdomo mzima.

"Hodi! Hodi humu ndani! Fungueni!"

Sauti ya mwanamume, Kiswahili kimenyooka. Sasa hebu fikiria: sisi wenyewe Kiswahili ndiyo lugha yetu, hata ndoto tunaota kwa Kiswahili. Lakini mtaani pale majirani walibisha kwa Kisoga au Kiganda. Aliyebisha kwa Kiswahili ni afande. Baba alikuwa ametukataza kabisa kupiga hodi kwa watu kwa lugha yetu, tusiwatie kiwewe. Mama hakuuliza ni nani. Aliishika sufuria kwa pindo la kanga, akatokea mlango wa nyuma, akaimwaga shira yote chooni. Nami nikaenda kufungua.

Lo! Alikuwa mjomba, kaka yake mama, ametoka Mbale kuja kuchukua bisi za Bibi. Meno yote nje.

"Mbona mnanitazama kama mmeona jini?"

Mama alirudi na sufuria tupu, akamwona, akakaa sakafuni pu! Akamtukana matusi ambayo sijayasikia tena kinywani mwake, kisha akalia. Mimi nilimchukia mjomba siku ile, na donge halijanitoka, ingawa najua namwonea. Alipiga hodi kama mama yake alivyomlea.

Tulikwenda Mbale wote watatu na bisi za chumvi. Bibi alitia moja mdomoni, akaizungusha, akaitoa. Akanikazia macho.

"We mlafi, shira umeilamba yote njiani?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Nikamtazama, nikamhurumia kwa mara ya kwanza.

"Nimeilamba, Bibi. Nisamehe."

"Nilijua tu!" Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, niambie. Ilikuwa na rangi gani?"

"Nyekundu."

"Mama yako alitia ndimu?"

"Alitia."

"Basi ilikuwa tamu," akasema, akameza mate.

Tulimzika kabla ya Ijumaa ya wiki ile. Inaniuma, tena inaniuma sana, kwamba alikufa akiamini angalau mmoja wetu aliionja.