Lori Lililoandikwa "Fika Sarama"

Enzi zetu gari lilijulikana kwa sauti kabla halijaonekana. Wewe uliyepata akili ukakuta bodaboda zimejaa kila njia panda, huwezi kunielewa, wala sikulaumu. Nazungumza na wenzangu, tuliokwenda shule na jembe begani na samadi kichwani. Kwetu Nyakatuntu, msimu wa kahawa ukifika, tulikuwa tunageuza kahawa kwenye mikeka huku sikio moja liko barabarani. Lori likisikika linaguna kule bondeni, basi tena! Mikeka inaachwa, kuku wanafaidi, sisi mbio pekupeku kwenda kugombania moshi. Ndiyo, moshi. Tuliamini moshi wa lori unaleta hamu ya kula, na kwa kweli tulikuwa tunakula.

Dereva wa lori hilo alikuwa Tata, baba yangu mzazi. Kwa hiyo mnielewe ninaposema nilikuwa mtoto wa mtu mkubwa. Tata alivaa koti la kaki lenye penseli mfukoni, na akirudi kutoka Bukoba alitoa chini ya kiti mkate uliofungwa kwenye gazeti. Sisi watoto sita tuligawana ule mkate kipande kwa kipande, tukala kwanza ganda, sehemu ya ndani tukaifinyanga vidonge ili idumu. Milimani abiria walishuka kutoka juu ya magunia wakasukuma, hata katekista na joho lake. Tata alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Sukumeni kwa imani, matendo niachieni mimi!"

Lilikuwa lori la pua ndefu, rangi ya buluu, na juu ya kioo cha mbele lilikuwa limeandikwa FIKA SARAMA. Aliyeandika alikuwa Mnyambo halisi, na ulimi wetu sisi Wanyambo haukuwahi kuelewana na herufi L. Tulisema "rori", tulisema "kurara", na shuleni tulichapwa kwa ajili hiyo. Siku moja nilijitetea kwa mwalimu: "Lakini hata kwenye rori ya Tata imeandikwa hivyo!" Nikaongezwa viboko viwili, kimoja changu, kimoja cha lori. Na Mungu ana utani, maana mimi huyohuyo nikaja kuwa mwalimu, nikatumia miaka thelathini na tano kukata "sarama" kwa kalamu nyekundu.

Nilikuwa darasa la sita lori lilipokufa. Lilikuwa limetoka kutengenezwa injini mjini, halijamaliza hata wiki mbili, likafia katikati ya mlima wa kuelekea Kimuli na shehena ya kahawa mgongoni. Tajiri mwenye lori, mtu wa Kihanga, alikuja siku ya pili. Hakufungua hata nati moja. Alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu ameendesha gari bila oili, ameniulia injini." Tata akajibu, "Bwana, niliangalia oili asubuhi ile, ilikuwa imejaa." Nani atamsikiliza dereva, tajiri akiwa amesimama pale? Lisemwalo lipo, watu wakasema, wakaenda zao kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Tata akaachishwa kazi palepale barabarani, na lori likavutwa kupelekwa Kihanga.

Tangu siku hiyo akaitwa Bilaoili. Alirudi kwenye migomba, akalima, akatusomesha wote sita. Lakini akipita kilabuni, "Karibu, Bilaoili!" Kwenye mnada wa mavuno kanisani, "Mkungu huu ni wa Mzee Bilaoili," na usharika mzima unacheka, mchungaji naye anaficha meno kwa kitabu cha nyimbo. Hawakuwa na nia mbaya. Jina la kijijini likishakushika limekushika. Tata alicheka nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wao. Sisi wanawe ndio tuliomwona akifika nyumbani, anakaa kwenye kigoda na hasemi neno mpaka chakula kiive.

Mwaka juzi nilistaafu. Nikaenda Kihanga kuhani msiba wa mwalimu mwenzangu, na tukiwa tumekaa pale nikaona, nyuma ya nyumba ya jirani, mlango wa gari umechungulia kwenye majani ya maboga. Nikainuka kama mtu anayetafuta choo. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva, kutu imekula sakafu, buluu yote imegeuka kahawia. Nikasugua juu ya kioo kwa ncha ya khanga yangu. Zikatoka herufi tano: ARAMA. Malori ya namna ile yalikuwa mengi, lakini lenye kosa lile lilikuwa moja tu duniani.

Wajukuu wa yule tajiri, ambaye alishafariki zamani, waliniambia halijaguswa tangu livutwe pale, na kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja Jumamosi kulikata kwa gesi. Ilikuwa Alhamisi. Nikalinunua siku hiyohiyo.

Nyumbani nikakuta vita. "Mama Aneth," mume wangu akasema, "si tulikubaliana ng'ombe wa maziwa?" Nikamwambia hilo nalo ni ng'ombe, ila limekauka kwa muda. Hakucheka. Mtaani ikawa Mwalimu amechanganyikiwa, wastaafu wenzake wanafuga nguruwe yeye anafuga kutu. Yote hayo niliyameza. Kilichonichoma ni Tata. Nilipomwambia, alichukua panga lake, akasema, "Koku, hicho kitu kisikanyage uwanja wangu," akaingia kwenye migomba.

Mimi sikutaka gari la kutembelea. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu afungue ile injini, kwa sababu haikuwahi kufunguliwa. Na niliogopa, jamani, nisiwadanganye. Kama ndani kungekutwa ukavu mtupu, basi tajiri alisema kweli, na mimi mtoto ndiye ningekuwa nimekwenda kuleta ushahidi wa kumtia baba yangu aibu upya akiwa na miaka themanini na sita.

Fundi niliyemchukua ni wa hapohapo Kihanga, jina lake Mbarushimana, sisi tunamwita Mbaru. Babu yake alikuja kutoka Burundi, na mikono ya ufundi iko katika ukoo. Lori lilipovutwa hadi gereji yake kando ya maduka, alilizunguka mara mbili akasema, "Tuanze na bodi, Mwalimu. Vijana wa siku hizi wakileta gari wanaanza na taa za rangi na spika, injini baadaye."

"Mimi si kijana. Fungua injini kwa chini."

"Huko chini nati zote zimeoza."

"Mtaka cha mvunguni?"

Akatabasamu. "Sharti ainame. Haya, nainama."

Alilala chini ya lori kuanzia asubuhi mpaka nikasikia njaa. Nati nne zilikatika. Mwishowe akalishusha lile karai la chini ya injini, sampu wanaliita, na ndani yake kulikuwa na oili nyeusi imeganda nzito kama uji uliolala. Oili ilikuwemo! Nikataka kupiga kelele, lakini Mbaru aliinua mkono. Alikuwa anakwangua chujio la pampu kwa bisibisi, polepole. Kisha akaniita, "Mwalimu, njoo uone mwenyewe."

Ilikuwa tambara. Tambara la kufutia mikono, limejisokota kuzunguka lile chujio likabana kama kitambaa kichwani kwa mwanamke mwenye haraka. Pindo lake lililoshonwa lilikuwa bado linaonekana.

"Hili halikuingia lenyewe," Mbaru akasema. "Aliyefunga injini kule mjini alilisahau humu. Oili ilikuwa chini imejaa, haina njia ya kupanda juu. Hata mngemwaga pipa zima."

"Na dereva?"

"Dereva angefanya nini, Mwalimu? Dereva hana kosa."

Waitu, jamani! Nilipiga kigelegele ambacho sikukipiga hata kwenye harusi ya Aneth. Wateja wakatoka mbio kwenye maduka. Nikacheza palepale, mstaafu mzima, viatu vimejaa oili ya zamani, na machozi yananitoka.

Kesho yake nilimpelekea Tata lile tambara kwenye mfuko. Nikamweleza alichosema fundi, neno kwa neno. Alilishika, akalinusa, akalikunjua kwa vidole viwili. Akasema tu, "Limalizeni. Likiwa tayari mniite."

Kulimaliza kulichukua miezi saba. Mbaru alitafuta pistoni na beringi kwenye makaburi ya malori mpaka mpakani. Mchoraji tulimtoa Kayanga, kijana mtanashati, spika masikioni. Akasoma karatasi yangu akacheka: "Mama, umekosea. Ni salama." Nikamwambia, "Mwanangu, nimesahihisha neno hilo kabla mama yako hajazaliwa. Andika kama lilivyo." Akaandika, huku akitikisa kichwa.

Siku ya kulileta nyumbani tulimkuta Tata chini ya mlima wa Kimuli. Ndiyo kwanza alikuwa anafika kwa bodaboda, amevaa koti, amefumba macho na kumkumbatia dereva kiunoni. Aliposhuka akamwambia yule kijana, "Hiki ndicho mnachoita usafiri? Hata pa kuweka mkungu hakuna!" Kisha akalisogelea lori. Akagonga matairi kwa fimbo, yote sita. Akachungulia nyuma, akakunja uso.

"Lori tupu kupanda mlima si kazi. Pakieni."

Kando ya barabara kulikuwa na mikungu ya watu inangoja wanunuzi. Kufumba na kufumbua ikapakiwa yote, na wenyewe wakapanda juu yake. Mbaru akashika mlango wa dereva. Tata akamgusa bega kwa fimbo. "Ahsante, fundi. Pisha."

"Mzee, ngoja kwanza…"

"Nimesema pisha."

Nilikaa pembeni yake, nikasali sala zote za Kilutheri nilizozijua, nikaazima na za Wakatoliki. Gia ya kwanza ililia vibaya, nikajua tumekwisha. Ya pili ikaingia laini. Lori likaguna, likaanza kupanda. Mikono ya Tata, inayotetemeka akishika kikombe, ilikuwa imetulia kwenye usukani. Tulipofika kwenye kona lilipofia, alisema "hapa", neno hilo moja tu, akaongeza moto. Watu walitoka mashambani na majembe yao, watoto wa shule wakakimbia nyuma ya moshi wakipiga mayowe, akina mama wakapiga vigelegele. Kileleni Tata alipiga honi mpaka nikaziba masikio.

Tukaingia Nyakatuntu. Mbele ya kundi alisimama Mzee Felisiani, rika la Tata, na kijiji kizima kinajua kuwa ndiye aliyetunga jina Bilaoili. Habari ya tambara alikuwa ameshaipata. Alishika kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna, zile tunazompa mgeni wa heshima akifika mlangoni. Akavua kofia, akanyoosha kikapu kwa mikono miwili.

"Dereva," akasema, "karibu kahawa."

Tata akachukua punje mbili, akatafuna taratibu, akamwangalia. "Kahawa nzuri hii, Felisiani," akasema, na wakashikana mikono kwa muda mrefu.

Nawasikia wenzangu wakisema enzi zetu zilikuwa tamu, na mimi ndiye kinara wa kusema hivyo. Mkate wa gazetini ulikuwa mtamu kuliko keki za leo zenye picha ya mtu juu yake. Tulisalimia wakubwa, tulikula sahani moja, tulisukuma lori la mtu bila kuuliza nitapata nini. Lakini enzi hizohizo mtu mmoja aliyevaa vizuri alisema neno barabarani, na sisi wote, pamoja na heshima zetu, hatukutafuta hata spana. Vijana hawa ninaowacheka wangepiga picha kabla lori halijapoa, na ushahidi ungebaki.

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, nilimkuta Tata amekaa ndani ya lori peke yake, mlango wazi. Nikamuuliza kitu nilichotaka kumuuliza tangu utotoni: kwa nini hakuwahi kuwagombeza watu, kwa nini alicheka nao.

"Mwanzoni nilikuwa nabisha, Koku," akasema. "Kisha miaka ikapita. Mtu ukiambiwa kila siku kwamba hukuangalia oili, unaanza kuitafuta ile asubuhi kichwani, na huioni tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaamini."

Akafuta usukani kwa kiganja.

"Sasa naiona," akasema. "Kulikuwa na ukungu. Niliangalia."