Abiria wa Siti ya Nyuma na Gari Lililokula Oil

"Hufikishi hata msimu mmoja," Fundi Mwinshehe aliniambia mbele za watu. "Diploma haifungui nati, msomi."

Mafundi wote wa mtaa wa Mabwerebwere wakacheka. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu Kilosa niliporudi kutoka Afrika Kusini, mimi niliyejisomesha kwa kuosha magari ya watu mpaka nikapata stashahada ya ufundi magari. Nakuambia haya ili ujue kuwa anayekusimulia si mtu wa kuona vivuli. Mimi naamini ninachokipima. Na hili lilinitokea alasiri, jua likiwaka.

Fedha zangu ziliishia kwenye banda la gereji, kwa hiyo vifaa niliazima. Mwinshehe alinipa jeki na geji ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda; wengine spana. Walinipa huku wakitabasamu, kisha wakaniletea gari la kuniaibisha: la Mama Neema, mjane anayepakia abiria wa Mikumi. Lilikuwa linakula oil kupita kiasi. Mwinshehe alishalibadilisha ringi za pistoni, likaendelea kula. Nikaapa kwa sauti: likinishinda, nafunga gereji, kila mtu achukue chake.

Sasa sikia kazi ya msomi. Niliosha injini ikatakata, nikatandika boksi chini yake mpaka asubuhi. Hakuna tone. Nikapima kompresheni, silinda zote nzima. Basi oil haivuji na ringi hazina kosa. Inaungua, lakini inapitia wapi? Juu, kwenye sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oil isichuruzike ndani ya silinda. Ushahidi wake hupatikana kwenye mteremko: unaachia pedali ya mafuta, unashuka na gia, ukifika chini unakanyaga. Ukiona moshi wa bluu, umepata jibu. Ila macho yasitoke kwenye kioo cha kutazamia nyuma.

Nikajaza oil mpaka alama ya juu, nikashika njia ya Mikumi peke yangu. Peke yangu, niamini.

Kwenye mteremko mrefu nikaachia pedali. Chini nikakanyaga. Moshi wa bluu ukafumuka nyuma, nikapiga kelele ya furaha. Ndipo nikaona kuwa kati yangu na ule moshi kulikuwa na kichwa cha mtu.

Mzee mwenye kofia ya sufu, siti ya nyuma kabisa, anatazama barabara. Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya nilivyolelewa.

"Shikamoo, mzee."

Kimya. Unajua kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani? Hata mtu mliyegombana ataitikia, japo kwa kununa. Nikarudia.

"Simama darajani," akasema. "Wewe hupimi?"

Tulipofika darajani mguu ulikanyaga breki bila kuniuliza. Sikusikia mlango ukifunguka, lakini alikuwa tayari mbele ya gari, boneti iko wazi. Boneti ile hufunguliwa kwa kuvuta komeo lililo miguuni pa dereva, nami sikulivuta. Akachomoa kijiti cha oil, akakifuta kwenye mkono wa shati, akakitazama, akatikisa kichwa. Kisha akainua kidumu cha njano ambacho sikukibeba, akamimina. Hapakuwa na sauti yoyote ya kumiminika.

Nilifumba macho. Nilipofumbua, barabara ilikuwa tupu na boneti imefungwa. Nikashuka, nikapima. Baada ya mwendo wote ule na moshi wote ule, oil ilikuwa kwenye alama ya juu.

Mama Neema hakuniacha nimalize kumweleza.

"Kofia ya sufu? Akafutia mkono wa shati?"

"Ndiyo, mama."

"Baba Neema huyo, dereva wa kwanza wa gari hili." Akajifuta machozi, halafu akacheka. "Na wewe ukamsalimia hajapima oil? Akuitikie wapi! Hata mimi mkewe nilikuwa nasubiri amalize. Tengeneza gari, mwanangu. Hajapumzika huyo."

Nilifungua injini juu, nikakuta sili zimekakamaa kama kucha. Nikaweka mpya, moja moja, huku Mwinshehe akiwa amesimama mlangoni. "Likitoa moshi leo," akasema, "jeki yangu naondoka nayo."

Nikarudi njia ile ile. Mteremko mzima, moshi hakuna. Darajani nikasimama, nikafungua boneti mwenyewe, nikapima. Oil haikushuka hata kidogo. Nikakaa kwenye usukani, kioo sikukitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," sauti ikatoka nyuma. "Marahaba, fundi."

Gari likainuka kidogo, kama abiria mzito ameshuka.

Mpaka leo gari lile halili oil. Mimi ndiye niliyebadilika: nikiwa nimeshika kijiti cha oil, sipokei salamu ya mtu. Wanasema ni maringo ya diploma. Waache. Nawe ukirithi gari au ukilinunua, uliza dereva wake wa kwanza alikuwa na taratibu gani, uzifuate. Na ukitafuta moshi kwenye kioo ukaona mtu, usihangaike kumsalimia. Pima kwanza.

Siku ya kurudisha vifaa nilivipakia kwenye toroli, nikazunguka Mabwerebwere kumpa kila mtu chake. Mwinshehe nilimwacha wa mwisho. Nikamwekea jeki na geji miguuni.

"Shikamoo, Fundi Mwinshehe."

Akaikagua jeki, akaigeuza, akaifuta vumbi. Akaiweka chini, ndipo akanitazama.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, fundi."