Njia Tuliyoifyeka Wenyewe

Kaka yangu alituuza. Nimejaribu miaka mingi kutafuta neno la upole zaidi, sijalipata.

Pale kijijini kwetu Hewani, miaka ya hamsini, maji ya ziwa letu yalipopungua, wanawake tulikuwa na siku yetu. Tuliingia na vikapu vya kuvulia, maji yakitufika kiunoni, tukiimba na kutaniana, na kambare akimponyoka mtu tulimcheka mpaka machozi. Samaki tulipata, lakini hasa tulikwenda kujifurahisha. Ndiyo siku pekee ambayo hakuna mume aliyeuliza chakula kiko wapi.

Mwaka mmoja ofisi ya serikali ilimwajiri kaka kulinda ziwa, kwa sababu Wazungu walianza kuja na magari kuwinda bata. Akamjia mama kwa heshima zote. Alisema njia ya zamani imezibwa na msitu, na kwetu aliyefyeka njia ya kwenda majini hazuiwi kupita. Basi tufyeke mpya, haki yetu ionekane. Mama ndiye aliyetuongoza wanawake, na alimwamini. Mwanawe wa kumzaa, kwa nini asimwamini? Tulifyeka siku nne, viganja vikachubuka, bila malipo.

Siku yetu ilipofika tulikuta gogo limelazwa njiani. Kaka kasimama na kofia ya kazi na kitabu cha tikiti. Kila mtu shilingi moja, Mzungu na sisi. Akasema hiyo ndiyo haki, wote tunalipa sawa. Haki gani hiyo, jamani? Mzungu shilingi anaitoa mfukoni bila hata kuitazama. Mimi niuze kuku ndipo niingie maji niliyoyaoga tangu utotoni. Ati ada ya matembezi!

Kaka, sijui ni kwa aibu, akamwambia mama apite bure. Mama hakusogea.

"Na hawa waliofyeka nami?"

"Watalipa, mama. Ni amri."

"Njia hii ameifyeka nani, mwanangu?"

Kaka alivua kofia, akaivaa tena.

"Serikali, mama."

Mama alijitwika kikapu kitupu, akageuka, nasi sote nyuma yake. Mpaka anakufa hakuonja tena samaki aliyeletwa na mwanawe, na mimi sikumsihi ale hata mara moja.