Shikamoo ya Mkwe na Mnara Mmoja

Miaka ile mnara mmoja tu ndio uliohudumia kijiji chetu cha Msimbati, tena kwa mbali. Mimi nilikuwa fundi wa mitandao, na Ijumaa ile nilikuwa nyumbani na simu yangu ya kazini, ile inayoonyesha kwenye kioo jinsi mnara unavyogawa njia za sauti. Dada yangu alikuwa leba, Mtwara mjini. Mimba zake mbili zilishaharibika. Mama hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Mtandao ulishika mahali pamoja tu, nyuma ya msikiti, na watu waliotoka kuswali walikuwa wamejaa pale, kila mmoja na simu sikioni. Mume wa dada akanipigia kwenye simu yangu nyingine. Nikampa mama.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Hujambo? Wazee hawajambo? Umekula?"

Ikakata. Akapiga tena, salamu zilezile, ikakata tena. Jamani, nilipandwa na hasira!

"Mama, achana na salamu! Muulize dada yukoje!"

"Nisimsalimie mkwe wangu? Ndiyo mliyofundishwa huko mjini?"

Nikamweleza. Watu wakijaa, mnara unampa kila mmoja nusu njia. Wakipungua, kila mmoja anapata njia nzima. Hapo, hata mawimbi yakiwa dhaifu, simu inaibana sauti ichukue nafasi ndogo, na nafasi inayobaki inatumika kuikinga isiharibike. Sauti inakuwa nyembamba, lakini inafika.

Mama akawageukia majirani. "Jamani, mwanangu yuko leba! Kateni simu, nawaomba!"

Wallahi walikata wote, hata mvuvi mmoja aliyekuwa anagombana na mteja wake. Nikatazama kioo. Njia nzima! Nikaruka kama mwendawazimu.

Simu ikaita, mama akaidaka. "Shikamoo yako nimeipokea, baba. Sema!"

Sauti ilikuja nyembamba, ya puani, lakini kila neno lilisikika. "Wazima, mama! Watatu! Wote watatu wazima!"

Mama akanikodolea macho. "Watatu?"

"Mapacha, mama! Mapacha na mama yao!"

Weee! Vigelegele vilivyopigwa pale! Kila mtu akarukia simu yake awaambie wenzake, na kwenye kioo changu njia ikarudi nusu. Sikujali hata kidogo, nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja.

Mama akanivuta mkono, machozi yanamtiririka. "Mpigie mkwe wangu," akasema. "Hajanijibu kama amekula."